Chule ilinimalizia maharage 2022, hivi ndo nilivyopanga dawa ya ukungu msimu uliofuata

Habari zenu wakulima wenzangu. Hii naandika kuhusu chule, ugonjwa wa kuvu unaoleta vidonda kwenye majani na maganda ya maharage, kwa wale mnaolima maharage sehemu za baridi na mvua nyingi, mimi niko huku Mbeya, safu za Uporoto, na msimu wa 2022 nililia shambani, nililia kweli machozi. Ekari mbili zilinipa magunia mawili na debe nne, na hayo yenyewe karibu nusu yana madoa ya kahawia, mnunuzi anachota mkononi anaangalia anayarudisha.

Mbegu nilitoa kwenye mavuno yangu ya mwaka wa nyuma, nikachambua harakaharaka, zile zenye kidoa kidogo nikasema si zitaota tu. Na kweli zikaota vizuri. Wiki ya nne hivi nikageuza jani nikaona mishipa ya upande wa chini imekua myekundu inaelekea weusi, nikadhani ni baridi. Mvua ikakaza, maua yakaja, yakaanza kutoka maganda, hapo ndo nikashtuka maana ganda changa kabisa linatoka lina vidonda vya mviringo, vimebonyea katikati, ukingoni kuna weusi. Mbio duka la pembejeo. Nikasema maharage yangu yana ukungu naomba dawa, nikapewa ileile tunayopiga kwenye viazi, metalaksili na mankozebu zimechanganywa pamoja, na mimi nikaona sawa tu maana kwenye viazi dawa hiyo imeniokoa mara nyingi. Nikapiga, baada ya siku 10 nikarudia, vidonda vinaongezeka tu kana kwamba nimepiga maji.

Bwana shamba wetu alikuja nikiwa nishavuna, akaokota ganda moja kwenye yale makapi akalipasua, akanionyesha kidonda kimepita ganda kimeingia mpaka kwenye punje. Akasema dada hii ni chule, na usitafute ilikotoka, uliipanda mwenyewe na mbegu zako. Iliniuma lakini alikua ananiambia ukweli.

Halafu akanieleza habari ya ile dawa, na hapa naomba msome taratibu maana huku kwetu wengi tunakosea palepale. Metalaksili inafanya kazi kwa bakajani ya viazi, ile ya baridi inayomaliza shamba kwa siku chache, kwa sababu kiumbe kinacholeta ugonjwa ule kinafanana na kuvu kwa macho ila sio kuvu hasa. Chule ya maharage ni kuvu kweli, metalaksili haiigusi. Kilichokua na uwezo mle ndani ni mankozebu peke yake, na mankozebu ni dawa ya kukinga, inakaa juu ya jani inazuia vimelea visiote, vikishapenya ndani haivifuati. Mimi nilipiga vikiwa vimeingia zamani. Na kingine, kila asubuhi nilikua naingia kupalilia na umande haujakauka, vimelea vya chule vinavyosambaza ugonjwa vinanata, vinasafiri kwa matone ya mvua yanayorukaruka na kwa nguo na jembe, kwa hiyo kanga yangu iliyolowa ilikua inatoa ugonjwa mstari huu inapeleka mstari ule. Sijawahi kuingia shambani na umande tena.

Basi 2023 nikaanza upya. Shamba lile la chule nikalipeleka mahindi, maharage nikahamia kipande kilichokua na mahindi misimu miwili, kwa sababu chule inaishi kwenye mabaki ya maharage. Mbegu nikanunua Njano Uyole iliyothibitishwa, kilo 70 kwa ekari mbili, hela ilinitoka mpaka nikaogopa. Ila mnisikie, shilingi iliyonifaa kuliko zote msimu ule ni ya mbegu, kuliko hata ya dawa. Nikapaka dawa ya mbegu, nikapanda tarehe 6 Machi. Huku kwetu kupanda mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Machi kunasaidia maharage yakomae mvua zikiwa zinaisha, ukiwahi sana maganda yanakutana na mvua yenyewe.

Kabla ya kupiga chochote nilijifunza kusoma jani. Ijumaa jioni natembea shamba kwa mshazari, nasimama sehemu kumi, kila sehemu nageuza majani ya chini kabisa maana huko ndo ugonjwa unaanzia. Mishipa ya chini ikiwa myekundu-nyeusi ni chule. Madoa yenye kona kona, yamezuiwa na mishipa kama yamekatwa kwa mkasi, na chini yake kuna ukungu wa kijivu, hayo ni madoa pembe. Ukipitisha kidole kikatoka na unga wa rangi ya kutu ni kutu, na kutu inakuja na upepo, mbegu safi haiizuii, usije ukajiona umemaliza. Baka lililokauka lenye mzingo wa njano ni bakteria, jani lililojikunja lina kijani cha kupauka na kilichokolea ni batobato, hiyo ni virusi, vidukari wanaileta. Hizi mbili za mwisho dawa ya ukungu haizitibu hata upige ndoo nzima. Nilipata kona moja ina bakteria, jirani akaniambia piga tu, nikakataa, nikaacha kabisa kuingia kona ile majani yakiwa yamelowa na mwaka huo sikuchukua mbegu pale.

Dawa ya kwanza nilipiga siku ya 27, sijaona hata doa. Mama mkwe aliniuliza unatibu nini na mimea mizima hii, nikamwambia mama, dawa hii ni kama mwavuli, unaufungua kabla mvua haijakulowesha. Ilikua mankozebu, lebo yangu ilisema gramu 50 kwa bomba la kupulizia la lita 20, nikatumia mabomba 14 kwa sababu mimea bado midogo. Ile ya unga usiimwage moja kwa moja kwenye bomba, inaganda chini na kuziba nozeli, koroga kwanza kwenye kopo na maji kidogo mpaka iwe uji, ndo umimine bomba likiwa nusu, afu ujazie. Nozeli pia niliweka mpya, ya zamani ilikua imelika inatoa matone makubwa yanateleza chini. Unatembea polepole na fimbo ya bomba unaiinamisha chini unainyanyua, dawa iingie upande wa chini wa jani, ukipiga juu juu umelowesha paa la nyumba wakati mwizi yuko chumbani.

Ya pili nilipiga siku ya 39, maua ya kwanza yanafunguka, na hapo nikabadilisha, nikachukua inayopenya, azoksistrobini na difenokonazoli. Ni ghali, ile mankozebu niliyonunua shilingi 14,000 kwa kilo msimu ule huwezi kuifananisha nayo, lakini kipindi cha maua na maganda machanga ndo hela yako ilipo. Nilichokatazwa ni kuirudia rudia, kwa sababu hizi zinazopenya zinampiga kuvu sehemu moja au mbili tu, ukizizoesha anajifunza kuvumilia, mankozebu inampiga sehemu nyingi kwa wakati mmoja ndo maana inakaa miaka na miaka bila kuzoeleka. Kwa hiyo zamu ya tatu, siku ya 55, nikarudi mankozebu, mabomba 20 kilo nzima, maana mvua ilikua bado ipo na majani mapya yaliyotoka baada ya dawa ya mwanzo hayana kinga yoyote. Mvua ingekua imekata nisingepiga hiyo ya tatu.

Siku ya zamu ya pili, tumemaliza kama saa tano asubuhi, saa sita mvua hii hapa. Nilikaa mlangoni nimeshika tama. Hiyo ya kupenya lebo yake inahesabu masaa ya kukauka, sikuwa na uhakika imewahi, nikampigia bwana shamba akasema usirudie kesho yake, subiri uangalie majani wiki nzima. Nikasubiri, na sikuona doa jipya. Toka hapo natia gundi ya dawa, ile inayoifanya ishike kwenye jani, kila mara na naangalia mawingu kabla sijafungua pakiti.

Sasa suala la usalama. Mimi nilikua nanyonyesha, sikugusa dawa kabisa, mdogo wangu wa kiume ndo alichanganya na kupiga, na nilimkatalia kuingia bila gloves, buti, mikono mirefu na barakoa, alinuna lakini alivaa. Jamani mankozebu tunaichukulia kama unga wa kawaida kwa sababu haina harufu kali, wakati Ulaya mwishoni mwa 2020 waliamua kutoiongezea kibali, moja ya sababu ikiwa madhara yake kwenye uzazi. Hapa kwetu bado inatumika na mimi naitumia, ila kwa adabu.

Na huku tunakula majani ya maharage, hilo usisahau. Shangazi yangu amezoea kupita kwangu kuchuma mboga, na watoto wa jirani pia. Nilichofanya nilikata kitambaa chekundu nikakifunga kwenye mti pale njia inapoingilia, nikapita nyumba kwa nyumba nikawaambia kitambaa kikiwepo hata jani moja msichume, na nikaacha kipande kidogo karibu na nyumba hakipigwi dawa kabisa, hicho ndo cha mboga. Shangazi mwanzo alihisi namnyima. Nikamkalisha nikamuonyesha ile alama ya hatari kwenye lebo, akanyamaza, baadae yeye ndo alikua anafukuza watoto.

Ununuzi pia. Angalia namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwenye kopo au pakiti, angalia lakiri haijafunguliwa, usikubali kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni, na risiti weka.

Nikaacha pia mistari mitano katikati bila dawa yoyote, nilitaka nione kwa macho yangu. Ilichonifundisha ni kwamba hata mistari ile haikuharibika kama ya 2022, chule ilikua kidogo sana, hiyo ni kazi ya mbegu safi na kuhamisha shamba. Ila kutu iliishika mwezi wa tano, majani yakapukutika mapema, punje zikawa nyembamba, wakati mistari ya jirani yake kutu ilikuja ya kuhesabika ikakuta maganda yameshajaa. Nilivuna wiki ya pili ya Juni, ekari mbili magunia 11, mnunuzi alichota mkononi akauliza bei tu.

Nilichagua miche iliyokua safi kabisa, mbali na ile kona ya bakteria, nikaipigia pembeni, nikaitoa punje moja moja mezani. Mwaka uliofuata niliipanda ekari moja, ekari ya pili mbegu ya kununua, na ratiba ya dawa ni ileile pande zote mbili. Iliyotoka kwangu ilitoa gunia moja pungufu, maganda machache yalikua na chule. Kwa hiyo sasa hivi nanunua mbegu mpya kila msimu wa pili, huu wa katikati natumia yangu niliyoichambua, na ekari ile ya mbegu yangu ndo naitembelea mara mbili kwa wiki badala ya moja.