Mashine ikiishiwa na RAM, nani aondoke kwanza?

Msimamo wangu ni huu: kompyuta inayofunga programu moja mapema inamheshimu mtumiaji kuliko ile inayoganda nzima ikijaribu kuziokoa zote. Ninaendesha saiba hapa Roysambu, na mashine zangu ni zile za ofisini zilizotumika Uingereza kabla ya kufika maduka ya Luthuli. Kila moja ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Wateja ni wanafunzi wenye project za kumaliza na watu wa kufaili ritani, na wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30 Juni viti havitoshi. Mtu hufungua tovuti ya kodi, barua pepe, hati yenye picha tele, halafu video ya muziki ya kumchangamsha. GB 4 zinakwisha mara moja.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Linux, mfumo unaoendesha mashine zangu, karibu haikatai ombi la kumbukumbu. Programu ikiomba GB 1 wakati zimebaki MB 300, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaitikia. Inaweza kuitikia kwa sababu haitoi kitu papo hapo: kumbukumbu hutolewa vipande vya baiti 4,096, kila kimoja pale programu inapokigusa kwa mara ya kwanza. Ni kama chama kilichomwahidi kila mwanachama mkopo huku kikijua pesa zilizopo haziwatoshi wote. Mambo yanaenda sawa mradi wasije siku moja. Mimi naunga mkono mpango huu. Programu nyingi huomba kuliko zinavyotumia, na mchakato (programu inayoendeshwa) ukizaa mwingine, mzazi na mtoto hutumia vipande vilevile mpaka mmoja wao aandike kitu kipya. Kila ahadi ingehesabiwa kama deni, mashine ya GB 4 ingefunga milango huku nusu ya RAM imelala bure. Windows imechagua njia hiyo nyingine. Inajumlisha RAM na faili ya akiba iliyo kwenye diski, na jumla hiyo ikijaa, ombi linalofuata linakataliwa. Programu iliyokataliwa ijipange yenyewe, na nyingi hazijui kujipanga, zinaanguka.

Sasa, siku ambayo wote wamekuja kwa Linux, watu hudhani kerneli inaua programu papo hapo. Laiti ingekuwa hivyo. Kwanza inatafuta vitu vya kutupa, na rahisi kutupa ni kile kinachoweza kusomwa tena kutoka kwenye diski. Humo yamo maagizo ya programu zenyewe, ile sehemu ya kivinjari inayochora kurasa, ile ya LibreOffice, programu ya kuandikia hati, inayopokea herufi unazobonyeza. Kerneli inatupa kipande, programu inakihitaji sekunde hiyohiyo, kinasomwa upya, na ili kipate nafasi inabidi kingine kitupwe. Diski ya kuzunguka husoma vipande vilivyotawanyika kama mia moja hivi kwa sekunde, basi. Taa ya diski inawaka bila kuzima. Mshale wa mausi unaruka inchi moja, unasimama, unaruka tena. Unabonyeza herufi na inatokea baada ya dakika nzima. Na kerneli haioni tatizo, kwa sababu kila inapotafuta nafasi inapata. Kwa hesabu zake kazi inaendelea.

Mzee aliyekuja kufaili ritani huniita hapo: “Kijana, mbona hii kitu haisongi?” Namwambia, “Mzee, nipe dakika mbili,” na kwa kweli siwezi kumwahidi mbili. Hali hii inaniuma kuliko programu kufungwa, maana aliyefungiwa programu anajua kilichotokea na anaanza upya. Aliyegandishwa anabaki akikodolea kioo macho huku muda wake wa kulipia unakwenda.

Kerneli ikishindwa kabisa kupata cha kutupa, ndipo inamwita muuaji wake, yule wa OOM (out of memory, kuishiwa kumbukumbu). Tangu sheria zake zilipoandikwa upya mwaka 2010, hesabu yake ni nyepesi: mchakato una kiasi gani kwenye RAM na kwenye swapu (akiba ya RAM, kwa kawaida kwenye diski), mwenye kingi zaidi ndiye anayeondoka. Juu ya hapo mwenye mashine anaweza kuongeza au kupunguza alama kwa namba ya kuanzia -1000 hadi 1000 inayoandikwa kwenye faili ya mchakato iitwayo oom_score_adj. Kila pointi 10 ni sawa na asilimia 1 ya kumbukumbu yote, kwa hiyo mchakato uliopewa 300 unahesabiwa kana kwamba, juu ya ulichokula, umeongeza asilimia 30 ya kumbukumbu yote. Chrome huiweka michakato ya kurasa zake kwenye 300 kwa makusudi, ili ukurasa mmoja ufe na kivinjari kibaki. Huo ni ustaarabu ninaotamani programu zote ziwe nao. Asiyejitolea, kama LibreOffice, akiwa ndiye mkubwa siku hiyo, basi. Ukifungua dmesg, daftari la matukio la kerneli, unakuta mstari mmoja: soffice.bin (ndiyo LibreOffice), namba ya mchakato, KB alizokuwa nazo, ameuawa. Hakupewa nafasi ya kuhifadhi chochote.

Kwa hiyo mashine zangu zote zina earlyoom. Hiki ni kiprogramu kidogo kinachochungulia RAM mara kwa mara. Zote mbili, RAM na swapu, zikibaki chini ya asilimia 10, kinamtumia mkubwa ishara ya kumwomba afunge mwenyewe. Zikishuka chini ya 5, kinamuua. Tofauti kati ya kuombwa na kuuawa ni kubwa kwa mtu mwenye kurasa sitini za project. Unaweza pia kukiambia nani aangaliwe kwanza na nani aachwe: kwangu kivinjari kinatangulia, LibreOffice inaachwa hadi mwisho. Tovuti unaifungua tena, aya uliyoandika saa hizi huwezi. Fedora, wanaotoa moja ya mifumo ya Linux, waliiwasha earlyoom kwenye toleo la 32 mwaka 2020, na mwaka uliofuata wakahamia systemd-oomd, inayosoma kipimo kiitwacho PSI: michakato imesimama kwa muda gani ikingoja kumbukumbu. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni cha haki zaidi, maana kinapima mateso yenyewe. Lakini Ubuntu 22.04, Linux nyingine, ilipokuja nayo, wengi walilalamika kivinjari kizima kinatoweka bila neno, kwa kuwa inaondoa kundi zima la michakato badala ya mmoja. Kwa saiba hilo halinifai.

Pamoja na earlyoom nimeweka zram ya GB 2, swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa ili ichukue nafasi ndogo. Inakula nguvu kidogo ya prosesa, lakini prosesa za mashine hizi mara nyingi zimekaa tu, na diski inapumzika.

Nikiulizwa na wenzangu wenye saiba, huwaonya jambo moja: usigawe -1000 ovyo. Namba hiyo inamaanisha usiguswe kamwe. Mlinzi wa mlango wa mbali, programu iitwayo sshd, anajipa mwenyewe, na anastahili, bila yeye siwezi kuingia kwenye mashine iliyokwama nikiwa kaunta. Ila ukiwalinda wote, kerneli ikikosa wa kumwondoa inasimamisha mashine nzima, na waliokuwa wameketi hapo wote wamepoteza. Kwangu sshd ndiye pekee mwenye hiyo namba. Programu ya kuchapisha nimeipa -500 na bado naipima, kwa sababu PDF za wanafunzi wa usanifu majengo zinaifanya ivimbe kuliko nilivyotarajia.