Ni mtumba tu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii inatoka Waamuzi 6:11–16, ila nianze na gauni la kijani.

Jumapili, ibada ilipokwisha, tulikuwa nje tukingoja mnada wa sadaka: maboga mawili, jogoo aliyefungwa miguu, kikapu cha zabibu. Mama mmoja wa umoja wetu alikuwa na gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Dada mmoja akamwambia, "Mama, leo umependeza kweli." Hata hajamaliza, mama akashika pindo kama anayetafuta doa: "Aa, mtumba tu huu, mwanangu. Elfu tatu, sokoni Sabasaba." Mwenzake akadakia, "Basi mama umekuwa Mtumbatu!"

Tulicheka hadi mnadi akatugeukia. Watumbatu wenyewe ni ndugu zetu wa kisiwa cha Tumbatu, kule kaskazini mwa Unguja, na hawana hatia katika hili. Na Mtumba kwetu Dodoma ndiko ulikojengwa Mji wa Serikali. Lakini jina limeshika. Kwetu sasa Mtumbatu ni yeyote anayesifiwa akajibu kwa "tu": mtumba tu, nimebahatisha tu, ni mlenda tu huo. Maneno mengine yakazaliwa pale pale. Mrudishachenji ni yule ambaye ukimwambia ameimba vizuri anakujibu "hata wewe," na sifa yako haijafika hata mkononi mwake. Na anayekata nusu ya kila jema analoambiwa, huyo tunamwuliza kama kwao ni Mpunguzi, ile kata ya barabara ya Iringa.

Nayapenda maneno haya. Yanamgusa mtu bila kumchoma. Lakini hilo "tu" limenifuata wiki nzima, kwa sababu ya bibi mmoja wa kwaya yetu.

Bibi huyo hupiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Huibana katikati ya mapaja, viganja vikavu, vidole vimepinda kwa miaka ya jembe. Mwezi uliopita nilikuja ibadani nikiwa na msiba moyoni, na alivyopiga siku ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilipumua hadi chini. Nilimfuata nikamwambia. Akajibu, "Kelele tu hizo, mjukuu wangu." Nikarudi mahali pangu kama mtu aliyepeleka zawadi akaambiwa aiache nje. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Ila sikuwa namsifia ili avimbe kichwa. Nilikuwa namshukuru, nilikuwa nasema Mungu amenifikia kwa mikono yake. Kama zile zilikuwa kelele, faraja ile niliipata wapi?

Sasa mtazameni Gideoni. Anapepeta ngano ndani ya shinikizo, ili aifiche machoni pa Wamidiani. Wapendwa wa Hombolo na Bihawana mnaozijua zabibu, mnajua shinikizo ni mahali pa kukamulia, wala si pa kupepetea. Sote tumeona uwele unavyopepetwa: uwanjani, ungo juu, unangoja upepo upite. Ukipepeta shimoni, makapi yanakurudia usoni. Ni mtu huyo, amejibanza hivyo, anayeambiwa, "BWANA yu pamoja nawe, Ee shujaa." Naye anajibu kwamba jamaa yake ni maskini sana katika Manase, na kwamba yeye ndiye mdogo katika nyumba ya baba yake.

Huenda kila alichosema kilikuwa kweli. Mungu habishani naye juu ya ukoo, wala hapimi umaskini wa jamaa zake. Lakini lile jina halirudishi. Anamwambia, "Hakika nitakuwa pamoja nawe." Kumbe "shujaa" halikusimama juu ya ukoo wa Gideoni hata kidogo, lilisimama juu ya huyo aliyelitamka. Ndiyo maana Gideoni kulipunguza hakuweza.

Najua wengi tumelelewa na mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali ya kweli kabisa. Lakini kosa la mgema ni maji. Sifa aliyopewa siku ya kwanza ilikuwa haki yake, maana tembo lilikuwa zuri. Wengine tunakwepa sifa kwa kuogopa kijicho, na hofu hiyo siidharau, tumekua nayo. Na wengine tunawahi kusema "sifa kwa Mungu." Ni neno takatifu. Ila tukilitoa haraka, kama mtu anayefunga mlango, aliyekuja kushukuru anabaki nje.

Bethania, nyumbani kwa Simoni mkoma, mwanamke alimmiminia Yesu kichwani marhamu ya zaidi ya dinari 300. Waliokuwapo wakanung'unika. Bwana wetu, mnyenyekevu kuliko sisi sote, hakuuzuia mkono wake. Alipokea, akasema mbele yao, "Amenitendea kazi njema."

Jumatano nilikwenda kwa bibi. Nilipiga hodi kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," nikamkuta anamenya karanga kwenye ungo. Nikamwambia tena, polepole, alichonifanyia Mungu kwa ngoma yake siku ile. Aliinua mkono kama anayefukuza nzi, kinywa kikafunguka, kisha kikafunga. Mkono ukashuka juu ya maganda.

"Asante, mjukuu wangu," akasema.

Tukakaa. Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena.

"Mapigo yale ni ya mama yangu," akasema.

Miaka yote tuliyosali pamoja sikuwahi kumsikia akimtaja mama yake. Alisogeza ungo pembeni, akakaza kanga, akanionyesha kwa viganja, juu ya mapaja yake mwenyewe, mkono ambao mama yake alikuwa anaanza nao.