Siku mama alipopimwa pumzi

Mama alikuwa na pumu tangu utotoni, na kijijini kwetu, upande wa Mvumi, hakuna asiyejua. Ilikuwa ikimshika usiku, hasa baridi ya Julai inapoungana na vumbi, kisha inamwachia. Angekaa majuma mengi analima na kuimba kwaya kama hajawahi kuugua. Alipovuka miaka hamsini mambo yakabadilika, ikawa haimwachii tena. Kikohozi kila kukicha, makohozi mazito, na ile njia ya kisimani ikawa ya kupumzika mara mbili. Alipimwa TB, majibu yakawa safi, akarudi nyumbani na vidonge vya aminofilini vya kufungua mirija ya hewa na inhela ya bluu. Tuliambiwa ni pumu ya uzee.

Mwaka 2018, mwaka ule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, nilimpeleka kwenye hospitali moja ya mjini yenye spirometa, mashine ya kupima pumzi. Nilielekezwa asivute inhela asubuhi ile, maana dawa ingeficha ukweli wa mapafu yake. Kwa hiyo tulishuka stendi ya Sabasaba tukatembea polepole sana, amenishika mkono.

Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Hakukimbilia mashine. Alitaka kujua pumu ilianza lini, ikimshika inaachia au la, nani mwingine katika ukoo anayo. Kisha akauliza kama amewahi kuvuta sigara. Mama akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Hajawahi hata siku moja.

"Basi niambie, mama, unapikia nini?"

Hapo nilijibu mimi. Jiko letu lilikuwa kwenye tembe, dari ya miti na udongo ambayo mtu mzima anaigusa kwa mkono, dirisha dogo la kupitisha ngumi. Mama alitulea kwa kupika na kuuza pombe ya mtama. Pipa lilichemka tangu alfajiri, kuni za mgunga zikiungua kwenye mafiga, naye ameinama juu yake akikoroga, machozi yakimtoka. Boriti zile zilikuwa nyeusi na kung'aa kwa masizi, ukizigusa mkono unanata. Hayo ndiyo aliyovuta kwa miaka zaidi ya thelathini. Daktari aliandika muda mrefu.

Kisha kipimo. Akabanwa pua kwa kibanio, akashika bomba la karatasi mdomoni. "Vuta, vuta, jaza kabisa... puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, usiachie!" Mara ya kwanza alikatisha kwa kukohoa. Alirudia mpaka yakapatikana mapulizo matatu yanayofanana. Akapewa salbutamol, dawa ileile ya inhela ya bluu, tukasubiri dakika 15, akapuliza upya.

Daktari alitugeuzia kioo. Katika sekunde ya kwanza mama alikuwa ametoa lita 1.05 za hewa. Baada ya dawa akatoa 1.33. Ongezeko linalopita asilimia 12 na mililita 200 linaonyesha mirija inayofunguka, na hiyo ni tabia ya pumu. Lakini hata baada ya kufunguka, alitoa asilimia 57 tu ya pumzi yake yote katika sekunde ile, wakati kizingiti ni asilimia 70. Mirija ilifunguka, haikurudi ilikotakiwa. Hiyo sehemu isiyorudi ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, ule wa moshi. Eksirei haikuonyesha makovu ya TB.

"Mama anayo yote mawili," alisema.

Ninaandika haya kwa sababu ya jambo alilotueleza baadaye. Mgonjwa kama mama akichukuliwa kuwa na ugonjwa wa moshi peke yake, anaweza kupewa dawa ya kupanua mirija ya muda mrefu bila steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya mirija, na kwa mwenye pumu hilo ni hatari. Akichukuliwa kuwa na pumu tupu, watu watangoja apone kabisa, na asipopona watamlaumu kwamba hatumii dawa. Nimewasikia kina mama wakigombezwa hivyo, na inaniuma. Inhela ya bluu, alisema daktari, ni zima moto tu. Mama alihitaji ya kila siku yenye steroidi pamoja na kipanua mirija, na asukutue mdomo kila akimaliza kuvuta.

Kaka yangu alibomoa ukuta mmoja wa jiko. Pombe mama aliiacha kwa shingo upande, kwani ndiyo iliyomfanya asiombe mtu chochote maishani. Ugali wa uwele bado anasonga kwenye kuni, ila nje, upepo ukiwa mgongoni.

Mwezi uliofuata dada yangu, aliyekoroga pipa lile pamoja naye tangu msichana, alikwenda kupuliza. Mapafu yake yalikuwa bado juu ya kizingiti, na siku hiyohiyo alinunua mtungi wa gesi.