Kabla ya Kufungua Shauri la Talaka

Kuamua kuachana na kufungua shauri la talaka ni mambo mawili tofauti, na nimewaona watu ninaowapenda wakiumia kwa kuyachanganya. Mahakama haitibu moyo. Kazi yake ni kujiridhisha kwamba ndoa imevunjika, kisha kuamua malezi ya watoto, matunzo na mgawanyo wa mali. Kwingine ushahidi wa ukatili au uzinzi bado una uzito, lakini Uingereza na Wales, tangu Aprili 2022, mwombaji hahitaji kuthibitisha kosa la mwenzake, ingawa husubiri wiki 20 kabla ya kuomba amri ya awali, ambayo bado si talaka kamili.

Kusanya mapema cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa za benki, hati za nyumba na mikataba ya mikopo, maana madeni nayo huangaliwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Mwenzako atakabidhiwa rasmi nakala ya ombi na kupewa muda wa kujibu; akikaa kimya, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Na kama unapigwa, tafadhali usisubiri talaka: omba kwanza amri ya ulinzi, ambayo mara nyingi hutolewa haraka zaidi.