Kwa Miguu Heterocera

Mwaka 2010 nilikuwa na akaunti Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, na tabia moja iliyomkera mdogo wangu: sikupenda kuruka papo hapo kutoka mahali hadi mahali. Kule ukitaka kwenda popote unabofya ramani, unasubiri kidogo, umeshafika. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ulimwengu ule ulifunguliwa 2003, na hadi 2005 ukiruka ulikuwa unatua kwenye kituo maalumu, halafu safari iliyobaki unaimalizia mwenyewe, kwa kutembea au kupaa. Maduka yalibanana kuzunguka vituo hivyo kwa sababu kila mgeni alipitia hapo. Vituo vilipoondolewa, kila mtu akawa anatua mlangoni kwa anayemtaka, na barabara zikabaki bila wapitaji. Mimi barabara hizo ndizo nilizozipenda.

Jioni ile niliamua kupita Heterocera, mojawapo ya mabara ya zamani, ambako maeneo yamepewa majina ya nondo. Ningefuata reli, kwa miguu. Mdogo wangu alikuwa anangoja kompyuta acheze The Sims 3, mchezo wa kuendesha maisha ya watu wa kubuni, akavuta kiti akakaa kunisindikiza shingo upande.

"Kaka, si kuna treni hapo? Mbona unatembea?"

"Nataka kuona."

"Kuona nini, nyasi?"

Ardhi ya kule imekatwa vipande vya mraba, mita 256 kila upande, na kila kipande kinaendeshwa na programu yake kwenye seva. Kwa mwendo wa kawaida unakimaliza kwa dakika moja na ushei. Mpakani hakuna ukuta, lakini ukizoea unaujua: seva moja inakukabidhi kwa jirani yake, na mwili, nguo na kila ulichovaa lazima vikabidhiwe pamoja nawe. Nilitaka aone. Tulipofika ukingoni nikaachia kitufe, na avata yangu, yaani mwili wangu wa kule, ikaendelea kwenda mbele yenyewe, miguu ikikanyaga hewa, kisha ikagutuka na kurudi hatua moja nyuma. Akacheka hadi akashika mbavu. "Rudia!" Nikarudia, zaidi ya nilivyopanga.

Mbele tukakuta ngome ya mawe imepakana na ukumbi wa disko, na katikati yao kibanda kitupu. Hakuna aliyepanga mji. Kila mwenye kiwanja amejenga alichoota usiku. Nilipotaka kukatisha nyuma ya ngome, maandishi mekundu yakajitokeza hewani, mstari juu ya mstari, yakikataza kuingia. Ukirudi nyuma yanapotea, ukisogea yanarudi. Nadhani hakuna kitu kinachoharibu ulimwengu wazi kama hicho: upeo wa macho unakuita, kumbe ni mali ya mtu.

Jua likaanza kuzama. Siku ya kule ilikuwa na muda wa saa nne tu za kwetu, tatu za mwanga na moja ya giza, kwa hiyo ukitembea kwa subira machweo yatakukuta njiani. Hapo mdogo wangu akauliza swali nililokuwa nimelikwepa.

"Nyumba zote hizi, wenyewe wako wapi?"

"Wametoka. Nyumba inabaki, mtu akizima kompyuta anaondoka."

"Basi mji umekufa huu."

Akaanza kunipigia debe la mji wake. Katika The Sims 2 ya 2004, ukimtoa mtu wako akashinda mjini, ukirudi nyumbani unakuta saa ni ile ile uliyoiacha. Dunia ilikuwa imesimama inakungoja. Toleo la tatu, la 2009, lilivunja hilo. Mji mzima unakwenda kwa pamoja. Unaweza kumfuata jirani kutoka kitandani hadi kazini bila skrini ya kusubiri, na usipomtazama anaendelea kuoa, kuzaa na kuzeeka.

"Akifika kazini unaingia naye?" nikamuuliza.

Akanyamaza, maana jibu tulilijua wote. Ofisi, shule na hospitali za mji ule ni maganda: mtu anaingia mlangoni anatoweka, nawe unabaki nje unatazama ukuta mpaka atoke.

"Afadhali anatoka," akasema. "Wewe nionyeshe mtu mmoja tu huko kwako."

Giza lilikuwa limeshaingia tulipoona stesheni ndogo kando ya reli, na juu yake avata mwenye kichwa cha mbweha. Alikuwa anapaua. Vigae vilitokea kimoja kimoja, vya kijivu kwanza, kisha vikapata rangi. Nikamsalimu kwa kuandika, akajibu papo hapo, akatukaribisha ndani. Mdogo wangu akanipokonya kibodi.

"Unaishi hapa?" akamwandikia kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Akasema haishi popote kule. Huja tu kujenga, na stesheni si ya kwake, ni ya rafiki.

"Paa lingependeza likiwa la kijani."

Mbweha akakaa kimya kidogo. Kisha vigae vyote vikabadilika mbele ya macho yetu vikawa kijani, cha kupita kiasi kwa maoni yangu. Mdogo wangu akasogeza kiti mbele, akanisukuma kwa kiwiko, akaanza kuagiza madirisha.