Kwa nini meseji ya WhatsApp haifiki Signal

SMS ya laini ya Airtel humfikia mwenye Vodacom bila mtu kuuliza, na barua pepe ya Gmail huingia Yahoo. Meseji ya WhatsApp haifiki Signal, programu nyingine ya kuchati, na wengi hudhani ufundi ndio kikwazo. Ufundi upo tangu 1999, ulipoanza mradi wa Jabber uliozaa XMPP, itifaki (kanuni za mawasiliano) inayowezesha seva tofauti kupelekeana meseji.

Katika XMPP anwani hufanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha seva. Ukimwandikia mtu wa seva nyingine, seva yako hutafuta kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, rekodi ya SRV ya _xmpp-server._tcp, inapata mashine ya kupigia na poti (namba ya mlango wake), kwa kawaida 5269, seva hizo mbili zinakaguana vyeti vya utambulisho, meseji inapita. Anayeweka Prosody au ejabberd, programu za seva ya XMPP, hukwama zaidi sehemu mbili. Ameruhusu poti 5222 ya watumiaji akasahau 5269, basi watu wake wanachati wao kwa wao na wa nje hawafikiki. Au cheti kimetolewa kwa chat.mfano.com ilhali anwani zinaishia mfano.com, cheti lazima kibebe jina lililo kwenye anwani, si jina la mashine.

Google Talk ilikuja na XMPP 2005, ikafungulia seva za wengine 2006. Hangouts ilipoingia 2013, mlango huo haukuendelea. WhatsApp nayo ilijengwa juu ya ejabberd iliyorekebishwa, ila haikuwahi kusalimiana na seva ya jirani. Uamuzi wa wenye mali, basi.

Hata wenye mali wakikubali, usimbaji fiche, yaani kufunga meseji ili isomwe na mpokeaji tu, ndio ugumu wa kweli. WhatsApp na Signal zote hutumia itifaki ya Signal, na bado hazionani, kwa sababu kila moja ina daftari lake la funguo. Kabla ya kutuma, programu huomba seva yake ufunguo wa hadhara wa mpokeaji, ule wa kumfungia meseji. Ufunguo ukitoka kwa kampuni nyingine, nani anathibitisha kuwa ni wa mtu huyo na haukubadilishwa njiani? MLS, itifaki ya usimbaji iliyotoka 2023 kama kiwango cha mtandao RFC 9420, inapanga vizuri funguo za vikundi vikubwa, lakini kazi ya kumtambua mwenye ufunguo imeiacha kwa wengine.

Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya imeilazimisha Meta kufungua WhatsApp kwa huduma zinazoomba: kwanza meseji, picha, meseji za sauti na mafaili ya watu wawili, vikundi baadaye, simu mwisho kabisa. Inawahusu watumiaji wa Ulaya tu. Aliye Mombasa hana cha kubonyeza.

Kilichobaki ni daraja, programu inayohamisha meseji kutoka huduma moja kwenda nyingine, kwa mfano mautrix-whatsapp kwenye seva ya Matrix, mtandao mwingine wa kuchati ulio wazi. Unaskani kodi ya QR, nalo linajiandikisha kama kifaa kilichounganishwa na akaunti yako ya WhatsApp, hivyo linakula nafasi moja kati ya nne za vifaa hivyo. Simu isipoingia mtandaoni kwa zaidi ya siku 14, vifaa vyote vinatolewa, meseji zinakoma, na inabidi kuskani upya. Kubwa zaidi: daraja hufungua kila meseji na kuisimba tena, kwa hiyo mwenye mashine linapokaa anaweza kuisoma. Liweke kwenye mashine yako, usitumie la kuazima. Namba mpya kabisa usiiunganishe. Masharti ya WhatsApp hayaruhusu programu zisizo rasmi, na namba isiyo na historia ya matumizi ni rahisi kufungiwa.