Betri moja ilivyokuwa ikiniangusha kwenye lori la jeshi
Lori langu la kwanza, lililostaafishwa na jeshi, lilinitesa mwezi mzima: asubuhi napiga stata, "tik", kimya. Nikachaji, nikasugua terminali, wapi! Mwishowe nikashika mita ya kupimia volti. Betri moja ilisoma volti 12.7, imejaa; mwenzake 11.6, karibu tupu.

Ndipo nikaikumbuka redio niliyoifunga mwenyewe kwa mbwembwe. Umeme wa lori hili ni volti 24, betri mbili za 12 zilizoungwa mfululizo, volti zao zikajumlika. Mimi, ili redio ipate 12 zake, nilivuta waya kwenye moja tu. Ikawa inanyonywa peke yake, huku alteneta (jenereta ya injini) ikizichaji zote mbili kana kwamba zinalingana, nyingine ikipikwa kwa chaji iliyozidi.

Nikang'oa waya, nikafunga kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, na betri mbili mpya za aina moja (kuukuu na mpya hazipatani). Tangu hapo linawaka stata ya kwanza.